Sekunde chache kabla ya tetemeko: kazi ya king'ora na kazi yako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani na watoto, swali hili linarudi kila mara kwenye mikutano ya usalama: je, iko mashine inayoweza kutuambia leo kwamba kesho ardhi itatetemeka? Jibu ni fupi. Hakuna. Hakuna mtaalamu, hakuna kompyuta, hakuna mganga anayejua siku na saa ya tetemeko. Mtu akikuletea ujumbe kwenye telefone kwamba kesho saa nane ya usiku Kolwezi itatetemeka, ufute, wala usiutume kwa wengine. Amekudanganya, au yeye mwenyewe amedanganywa.

Lakini iko mashine nyingine, na ndiyo tunayotaka kuieleza leo. Hii haisemi «tetemeko litakuja». Inasema: «Tetemeko limekwisha kuanza kule, na sasa linatembea kuja kwako.» Ni tofauti kubwa. Mtu asiyeielewa atangojea kwa king'ora kitu ambacho king'ora hakiwezi kumpa.

Fikiri juu ya mvua kubwa. Kwanza unaona mwanga wa radi, halafu unahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo ngurumo inafika. Vyote viwili vimeanza pamoja, lakini kimoja kina mbio kuliko kingine. Tetemeko ni vivyo hivyo. Mwamba ukikatika chini kabisa, unatuma mawimbi mawili. Wimbi la kwanza linakwenda karibu kilometa 6 kwa sekunde moja. Hilo ni jepesi: mbwa wanabweka, vikombe vinalia kabatini, watu wengi hawalisikii hata kidogo. Wimbi la pili linakwenda polepole zaidi, karibu kilometa 3 na nusu kwa sekunde, na hilo ndilo linaloyumbisha kuta na kuangusha nyumba.

Sasa piga hesabu pamoja nasi. Tetemeko likianza kilometa 200 kutoka mji wako, wimbi baya litachukua sekunde 57 hivi kukufikia. Karibu na pale lilipoanzia kimewekwa chombo kinachosikiliza mchana na usiku. Kinasikia lile wimbi jepesi, kinatuma habari kwa redio, na habari ya redio inakimbia kuliko wimbi lolote la ardhi. Toa sekunde 10 kwa ajili ya chombo kusikia na kompyuta kufanya hesabu yake. King'ora kikilia mjini kwako, unabaki na sekunde zaidi ya 40.

Je, kama tetemeko limeanzia kilometa 20 tu? Wimbi baya linafika kwa sekunde 6. Kompyuta haijamaliza hesabu, nawe umekwisha kuanguka. Palipo karibu na chanzo, king'ora hakina msaada. Usisahau jambo hili, maana tutalirudia tutakaposhuka chini ya udongo.

Watu wa Mexiko wameyaona yote mawili. Mwaka wa 1985, tarehe 19 Septemba, tetemeko lililoanzia pwani, zaidi ya kilometa 300 kutoka mji wao mkuu, liliua maelfu ya watu mjini humo. Walio hai wakajiuliza: ikiwa hatari ilisafiri safari ndefu namna hiyo, kwa nini hakuna aliyetutangulizia habari? Wakapanga vyombo vyao pwani, na kazi ikaanza mwaka wa 1991. Tarehe 14 Septemba 1995 pwani ikatetemeka tena, na mji mkuu ukapata habari sekunde 72 mbele. Ni muda wa kutosha kuteremka ngazi na kusimama uwanjani.

Lakini sikia ya mwaka wa 2017. Tarehe 19 Septemba, siku ile ile ya ukumbusho, saa tano ya asubuhi mji mzima ulifanya zoezi: ving'ora vililia, watu wakatoka, wakarudi kazini. Saa saba na dakika 14 ya mchana likaja tetemeko la kweli, la kipimo cha 7.1. Safari hii halikuanzia pwani. Lilianzia karibu, kilometa 120 hivi kutoka mji mkuu. Mahali pengi king'ora kililia wakati sakafu imekwisha kuanza kucheza. Watu zaidi ya 300 walikufa katika nchi ile siku hiyo. Waliofanya zoezi walikuwa na njia bado miguuni, waliipita saa mbili tu kabla. Yule anayecheka na kuvuta sigara wakati wa zoezi, na awaze juu ya habari hii.

Sekunde 40 zinafaa nini kwa kampani? Mtu atasema: ni kidogo, hata chungu cha bukari hakiteremki motoni. Kwa mtu aliyeshangaa ni kidogo kweli. Kwa mashine ni nyingi sana. Lifti ya mgodi inasimama kwenye ngazi iliyo karibu na kufungua mlango. Tanuru inaacha kumwaga shaba inayochemka. Bomba la asidi linafungwa. Mwenye kuongoza mashine ya kunyanyua anashusha mzigo uliokuwa unaning'inia juu ya vichwa vya wenzake. Lupitalini daktari anaondoa kisu mwilini mwa mgonjwa. Japani wanafanya hivyo kwa treni zao za mbio. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilipotokea baharini, vyombo vya pwani vilikata umeme wa reli na breki zikashika kabla mtetemo mkubwa haujafika. Hakuna abiria hata mmoja wa treni hizo za mbio aliyekufa. Angalia vizuri: hakuna mkubwa aliyeombwa ruhusa. Kama ingebidi kupiga telefone kwanza kwa shefu, na shefu ampigie mkurugenzi, sekunde zote zingeliwa na maneno. Uamuzi ulifanywa miaka mingi mbele, ukaandikwa, ukawekwa ndani ya mashine.

Iko pia habari inayofika baadaye, nayo ina faida. Ofisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, inatuma bure ujumbe kwa yeyote aliyejiandikisha: tetemeko limetokea wapi, saa ngapi, la kipimo gani. Kwa nchi zetu ujumbe huo kwa kawaida hauji kwa sekunde, unaweza kuchukua hata nusu saa. Hautakuokoa na tofali linaloanguka. Lakini unamwambia mkubwa wa usalama mahali pa kupeleka watu kukagua kwanza: ukuta wa ziwa la takataka za kiwanda, matangi ya asidi, daraja la reli, mashimo ya hewa.

Mtu wa Katanga atasema, hayo ni mambo ya Japani na Mexiko. Hapana. Bonde kubwa la Afrika linapita mashariki ya nchi yetu, na maziwa yake yamekaa juu ya nyufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilianzia ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka Kalemie, na mtetemo ulisikika mbali, hata Nairobi. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, lilikuja jingine karibu na Bukavu, la kipimo cha 5.9. Ng'ambo, Rwanda, makanisa yalianguka juu ya waamini. Lile la Bukavu lilikuwa karibu mno na watu. Hata kama kungekuwa na king'ora bora kuliko vyote, kwao kisingelia mapema. Mahali kama pale kinachookoa ni ukuta uliofungwa vizuri.

Sasa tushuke chini ya udongo

Matetemeko ya mgodini si yote yanayotoka kwenye bonde kubwa. Mengine tunayaleta sisi wenyewe. Tukitoa mawe, uzito wa mwamba uliobaki unahama na kuegemea nguzo na kuta. Siku moja ukuta unachoka, unapasuka kwa kishindo. Kipimo chake ni kidogo, mtu aliye mjini pengine hasikii kitu. Lakini wewe huko kilometa 20 mbali nacho, uko mita 50. Kumbuka ile hesabu yetu: hapo hakuna sekunde.

Ndiyo sababu migodi mikubwa inatoboa mashimo ndani ya mwamba na kupandikiza vyombo vidogo vya kusikiliza, vilivyoungwa kwa waya mpaka ofisini juu. Kazi yake si kulia king'ora. Ni kama mganga anayeweka sikio kifuani. Mwamba kabla ya kuvunjika mara nyingi, ingawa si kila mara, hutoa milio midogo midogo ambayo sikio la mtu halipati. Milio ikizidi sehemu moja, ofisi inafunga sehemu hiyo. Baada ya kupasua baruti milio huwa mingi sana, kisha inapungua saa kwa saa. Ndipo wanajua ni lini ekipe inaweza kurudi.

Mwezi wa Mei 2025, kwenye mgodi wa shaba wa Kakula, karibu na Kolwezi, mwamba ulianza kutetemeka na kazi ya chini ya udongo ikasimamishwa. Baadaye maji yalijaa sehemu za chini, na kuyavuta kwa pompe kulichukua miezi. Ni hasara kubwa ya shaba. Lakini pompe inanunuliwa.

Miezi miwili baadaye, tarehe 31 Julai 2025, kwenye mgodi wa El Teniente wa nchi ya Chile, mgodi wa shaba wenye vyombo vingi vya kusikiliza tangu miaka mingi, tetemeko la kipimo cha 4.2 liliangusha galeri. Wafanyakazi 6 walikufa. Tunaandika hili makusudi, ili mtu asije akadhani kwamba palipo na vyombo hapana kifo. Chombo kinapunguza hatari, hakiifuti.

Kwa hiyo, wewe ulioko kwenye posti, ofisi ikifunga sehemu kwa saa nne, ni saa nne. Twajua vizuri maneno yanayosemwa pale penye kizuizi: «Nimeacha mashine yangu ya kutoboa ndani, naingia mara moja tu.» Au kapita anahesabu tani za mwezi, anaona saa mbili zimepita kimya, anainua kamba. Ukimya unaousikia wewe si ule unaosikiwa na chombo. Kapita akikuamuru kuvuka kizuizi bila ruhusa ya ofisi ya usalama, una haki ya kukataa, na mwenzako asikucheke.

Mtetemo ukikukuta ndani, acha kazi pale pale. Ondoka mbele ya ukuta mpya na chini ya paa lisiloshikiliwa kwa vyuma, usimame mahali palipofungwa vizuri, mbali na ukuta wa pembeni. Usikimbilie lifti, kundi la watu wanaosukumana gizani linaua kama jiwe. Vumbi likijaa, vaa chombo chako cha kupumulia, shika njia ya kwenda chumba cha kimbilio. Huko mhesabiwe. Anayetoka kwa njia yake bila kuhesabiwa anawafanya wenzake warudi ndani kumtafuta.

Nawe mama, nyumbani. Ukisikia ardhi inacheza, waite watoto chini ya meza nzito, wajifunike kichwa. Usipite mlangoni wakati wa kutetemeka kama juu ya mlango kuna matofali, maana hayo ndiyo yanayoanguka kwanza. Kama nyumba ni ya udongo na mlango uko hatua mbili, na nje ni uwanja mtupu, toka upesi. Kutetemeka kukiisha, zima mbabula kwanza: nyumba iliyosimama baada ya tetemeko inaweza kuungua kwa makala. Msilale usiku huo ndani ya nyumba yenye ufa mpya, mitetemo mingine hufuata. Na baba akiwa kwenye posti, usikimbie na watoto mpaka mlango wa mgodi. Njia hiyo inatakiwa kwa magari ya lupitali. Mkubalianeni leo, wakati mambo ni matulivu, ni jirani gani ataleta habari na watoto watangoja wapi.

Bado jambo moja, na halipendezi kuandikwa. Waya za vyombo vya kusikiliza zina shaba ndani, na shaba inauzwa. Mahali waya umekatwa, ofisi juu haisikii tena sehemu hiyo, na kwenye kompyuta mwamba wa pale unaonekana kimya kama mwamba mzuri. Ukiona waya umekatika, umebanwa na mawe au umefunguliwa, mwambie mkubwa wa posti kabla ekipe haijaingia. Mpe namba ya galeri. Akikujibu kwamba atashughulikia kesho, nenda mwenyewe ofisi ya usalama ukaandikishe siku hiyo hiyo.