Mchoro Mzito, Lawama kwa Kompyuta

*Maswali ya wachoraji wanaotumia AutoCAD*

AutoCAD yangu inaganda nikisogeza hata mstari mmoja. Fundi anasema niongeze RAM. Ninunue?

Wameuliza hivi wasomaji wengi, kila mmoja na fundi wake, na katika mafundi hao wote hakuna aliyeufungua mchoro wenyewe. Kabla hujatoa shilingi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc mchoro ukiwa umeganda, utazame RAM iliyotumika. Kama nusu iko wazi, utakayoongeza nayo itakaa bure. Prosesa yenye viini vingi pia haikuokoi, maana kazi nyingi za AutoCAD hupita kwenye kiini kimoja. Bora kiini chenye kasi.

Sasa nenda kwenye mchoro. Andika ID, gusa kona ya jengo, usome namba. Mpima ardhi wa Dar es Salaam hutoa kiwanja kwa viwianishi vya UTM, ukanda wa 37 Kusini: mashariki kama 530,000, kaskazini kama 9,248,000, kwa mita. Msanifu anakibandika humo humo, anakikuza mara 1,000 apate milimita, na jengo linakaa bilioni 9 kutoka sifuri. Faili hutunza namba kwa tarakimu 15 hivi, lakini kadi ya grafiki kwa kawaida hukokotoa kwa namba za biti 32, zenye tarakimu 7 tu. Kwa umbali huo, hatua ndogo kabisa kati ya namba mbili za biti 32 ni 1,024, yaani mita nzima! Ndiyo maana duara linakuwa na pembe, kishale kinarukaruka na hachi inakataa kujaa. Hata kuurudisha mchoro kwenye mita hakusaidii, kwa sababu tarakimu ni zile zile. Chora jengo karibu na 0,0. Faili ya mpima iache kama ilivyo, uiunganishe kwa XREF ukiwa umeisogeza, na uandike pembeni umeisogeza kiasi gani. Ukikuza RAM hadi GB 64, duara litabaki na pembe zake.

Ramani ya nyumba moja ya vyumba vitatu ina MB 90. Inawezekana?

Inawezekana sana ukiwa na tabia ya kuchukua ramani ya mteja wa mwaka juzi, kufuta kuta na kuanza upya. Kuta zinaondoka, bloku, leya na majina ya programu zilizowahi kuigusa faili vinabaki, na kila unaponakili vinahamia kazi mpya. Anza na AUDIT, kisha PURGE, kisha -PURGE yenye kistari mbele, uchague Regapps. Wengi huishia kwenye ile ya pili na kulalamika kuwa haifanyi kazi.

Inajifunga ghafla nikizungusha umbo la 3D.

GRAPHICSCONFIG, zima usaidizi wa kadi ya grafiki. Ikitulia, tafuta draiva mpya kwa mtengenezaji wa kadi.

Natumia kreki niliyopewa na rafiki. Kwa nini inajifunga kila baada ya saa moja?

Muulize rafiki.

Faili ya acaddoc.lsp inajitokeza kila folda. Nifute?

Kama ofisi yenu haikuiandika, ndiyo, na mashine zote zikaguliwe. Mwaka 2012 kampuni ya ESET ilitangaza kirusi kiitwacho ACAD/Medre.A kilichoenea hasa Peru, kikitumia faili za namna hii kutuma michoro ya watu kwenye anwani za barua pepe nchini China. Iache SECURELOAD kwenye 1. Wanaoiweka 0 ili ujumbe wa onyo usiwasumbue ndio hao hao wanaoniandikia baadaye.

Umeme ulikatika, kazi ya siku nzima imepotea. Fundi amesafisha faili za muda ili mashine iwe nyepesi.

Basi amefuta ulichokuwa unakitafuta. AutoCAD hujihifadhia nakala ya .sv$ kila dakika 10, kama hujabadilisha SAVETIME, na kwa kawaida huiweka kwenye folda hiyo ya faili za muda. Umebaki na .bak iliyo kando ya mchoro: inakili, ipe mwisho wa .dwg, uifungue. Utapata mchoro ulivyokuwa kabla hujauhifadhi mara ya mwisho.