Usisogee Ili Upate Picha Nzuri

Kijana mwenzangu, hebu fikiri. Maji yamekupwa, umetoka kuchokoa pweza, unarudi nyumbani Msimbati. Mbele yako kwenye mchanga kuna chuma kilichoota kutu, umbo lake kama chupa. Simu iko mfukoni. Utafanyaje?

Wengi hunijibu, "Nitapiga picha." Mvulana mmoja wa kidato cha pili alinionyesha picha ya namna hiyo baada ya kipindi. Alikuwa ameweka mguu wake wenye kandambili kando ya chuma, eti tuone ukubwa wake. Picha safi! Lakini mimi niliangalia vidole vyake tu.

Huku kwetu vitu hivi vinatoka wapi? Vita vimepita hapa mara nyingi. Mwaka 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, mkoani Lindi. Mwaka 1964 FRELIMO walianza vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, na Wareno wakatega mabomu ardhini. Msumbiji ilitangaza mwaka 2015 kuwa imeyaondoa mabomu hayo. Lakini mapigano mapya yalikuwa yameanza Cabo Delgado mwaka 2017, na Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kikashambuliwa. Tena kuna baruti za uvuvi haramu, ambazo hazingoji vita.

Kutu isikudanganye. Kinachooza ni chuma cha nje. Baruti ya ndani inaweza kukaa miaka mingi ikiwa nzima, na kile kinachoiwasha kikazidi kuwa chepesi kushtuka. Baruti nyingine zikizeeka hutoa kama jasho. Jasho hilo lenyewe hulipuka, hata kwa kutikiswa kidogo. Halafu kuna fataki, kijibomba kidogo kama kipande cha kalamu ambacho huilipua baruti. Mtoto huidhani betri, kumbe inakata vidole. Zile zenye nyaya zinaweza kuwashwa na mawimbi ya simu ikiwa karibu sana. Umeona sasa shida ya kuinama na simu mkononi?

Novemba 2017, shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, mwanafunzi alikuja na bomu akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lililipuka. Wanafunzi watano walikufa, wengine wengi wakaumia. Hakuna aliyekuwa mkorofi pale.

Basi ukikiona, simama. Usikirushie jiwe, usikipige teke, usiwashe moto. Usikate njia ya mkato, maana penye kimoja huenda vipo vingine. Rudi kwa nyayo zako zilezile, wazuie wadogo zako, kisha mwambie mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au polisi kwa namba 112. Na wewe uliyekwisha kukibeba nyumbani? Usikirudishe ulikokitoa. Toeni watu wote ndani, muite polisi. Najua unaogopa kuchapwa. Sema tu.

Ukitaka kupiga picha, ngoja ufike mbali, kisha piga picha ya njia: mbuyu, kisima, daraja. Yule mvulana wangu alikubali twende kwa mwenyekiti, na askari wakaja. Waliiangalia picha yake, wakaigeuza huku na huku. Chuma, kandambili, mchanga mtupu. Ni wapi sasa? Ilibidi awaeleze kwa mdomo: mkorosho wa tatu, kushoto kwa njia ya kisimani.