Muulize Nani Anamlipa

Nimeandika habari za burudani kwa zaidi ya miaka ishirini, gazetini kwanza, kisha redioni. Katikati hapo kuna miaka mitatu niliyosimamia wasanii, na bado naijutia. Siku hizi hukaa na vijana wa Kibera na Kawangware, Nairobi, wanaotaka kazi hii. Maswali yao hujirudia, nami nimeyakusanya hapa jinsi yanavyoulizwa, bila majina.

Mwalimu, mimi sina diploma wala kamera. Nina simu na naishi Gatwekera, Kibera. Naanzia wapi?

Anzia Gatwekera. Wahariri wa mjini wana watu tele wa kuwaandikia kuhusu staa aliyejaza ukumbi Jumamosi. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia nani anarekodi wiki hii kwenye studio ya mabati nyuma ya Olympic, na kwa nini wapita njia wanasimama kusikiliza. Octopizzo alichukua jina lake kutoka kwa namba 8, matatu ya Kibera. Kabla redio kubwa hazijamjua, kulikuwa na watu wa mtaa waliomjua. Nawe uwe mmoja wao kwa msanii anayekuja.

Halafu ingia redio ya jamii. Kibera kuna Pamoja FM, iliyoanza mwaka 2007, na baada ya miezi michache ikajikuta inawatuliza watu wakati wa ghasia za uchaguzi. Kawangware kuna Mtaani Radio. Zote mbili ziko 99.9, masafa yaleyale ya Koch FM kule Korogocho, na hazigongani kwa sababu mitambo yake ina nguvu ndogo, kila moja na mtaa wake. Malipo ni haba, mara nyingine hakuna kabisa. Ila utajifunza kusoma saa, kukata sauti, na kumwuliza diwani swali bila kutetemeka. Ukitoka hapo, kumhoji msanii ni kama kunywa uji.

Na usidhani muziki wa mtaa ni rap pekee, kosa ambalo karibu kila kijana hulifanya. Kawangware ina isukuti kwenye harusi na matanga ya Waluhya, na mugithi kwenye baa za Naivasha Road. Kibera ina ohangla, na kwenye kijiji chake cha Makina Wanubi bado wanacheza doluka kwenye harusi zao. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Tabu Osusa ilitoa kazi nzima kuhusu historia ya benga, Retracing the Benga Rhythm, kwa kuwatafuta wazee waliopiga magitaa ya muziki huo na kuwauliza. Sijaona aliyeifanyia doluka ya Makina kazi kama hiyo gazetini. Wewe uko dakika kumi kutoka hapo kwa miguu.

Lazima niende chuo?

Ukiwa na karo, nenda. KIMC, chuo cha mawasiliano cha South B, kimekuwa kikifunza watangazaji tangu 1961, na jina lake bado hufungua milango. Usipokuwa nayo, andika kila wiki na uhifadhi kazi zako mahali pamoja. Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari utaihitaji siku utakapozuiwa mlangoni. Jambo moja zaidi kuhusu lugha: jifunze kuandika Kiswahili ambacho Taifa Leo itakipokea na Sheng ambayo msikilizaji wa Ghetto Radio hataicheka. Anayejua moja tu amejinyima nusu ya soko.

Mnasema habari iko kwenye pesa. Mimi nitajuaje pesa za wimbo zinaenda wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nivumilie.

Chukua wimbo wa kawaida uliorekodiwa Kawangware 46. Una mtunzi wa maneno, aliyetengeneza biti, mwimbaji, na yule jamaa wa gitaa aliyelipwa chipsi na soda. Hao wanne wana haki tofauti, na kila haki ina mlango wake. Watunzi kwa miaka mingi walikuwa chini ya MCSK, chama kilichoundwa mwaka 1983. Waimbaji na wapigaji walikuwa na PRISK, na wenye rekodi KAMP. Juu yao ipo KECOBO, Bodi ya Hakimiliki, inayotoa leseni kwa vyama vya namna hiyo. Mwaka 2017 bodi iliinyima MCSK leseni na kukipa chama kingine, MPAKE, na kesi zikaanza. Tangu hapo msanii akikuambia hajui mrabaha wake uko kwa nani, usimcheke. Hata mawakili walikuwa wanauliza.

Sasa miito ya simu, Skiza. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kwamba kampuni ya simu na mawakala wa katikati wanameza kitu kikubwa. Sheria ya hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwenye wimbo anatakiwa kupata si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na wakala 8.5. Vizuri. Lakini "mwenye wimbo" ni nani? Kama prodyuza ndiye aliyeusajili kwa jina lake, zile 52 zinaingia kwake, na mwimbaji anabaki kusikia sauti yake ikiita kwenye simu za watu.

Kwa hiyo ukikaa na msanii, kabla hujamuuliza anachumbiana na nani, muulize ni nani aliyesajili wimbo, nani ana faili la mwisho la studio, na kama waliandika mgao siku ya kurekodi au walipeana mikono tu. Wengi watanyamaza. Kimya hicho ndicho stori yako, na ni stori ambayo mwenzako wa udaku hataipata hata akilala mlangoni kwa msanii.

Promota alinipa elfu moja, akasema ni ya nauli. Nilikosea?

Nauli ya kutoka Kawangware hadi mjini haifiki elfu moja, wewe unajua.

Nikuambie yangu. Miaka yangu ya mwanzo nilipokea bahasha kwenye uzinduzi wa albamu. Niliandika kwamba ukumbi ulijaa. Ukumbi haukujaa. Wiki iliyofuata mpiga ngoma wa bendi hiyo alinikuta kwenye kituo cha basi, akaniambia hawakulipwa, na kwamba promota alionyesha makala yangu kama ushahidi kuwa shoo ilienda vizuri, kwa hiyo wakadai pesa zao mlangoni, si kwake. Mpaka leo sijui jinsi ya kumjibu. Ndiyo maana nikiwafunza nyinyi nasema: uzinduzi wa Westlands, panda matatu yako mwenyewe au usiende.

Kuna jambo gumu zaidi, la madijei. Redioni wengine hulipwa ili wimbo upigwe, na kila msanii mtaani anajua bei. Ukitaka kuandika kuhusu hilo, kusanya shahidi zaidi ya mmoja na uweke ujumbe wa M-Pesa uliothibitishwa. Fununu peke yake itakupeleka kwa wakili.

Rafiki yangu anarap vizuri sana. Naweza kuwa meneja wake na bado niandike?

Naomba usifanye. Unaweza kuwa meneja mzuri. Unaweza kuwa mwandishi mzuri. Ukiwa vyote viwili kwa msanii yuleyule, msomaji atajua ndani ya aya mbili, hata kama hutaji. Mimi nilikuwa nasimamia bendi mchana na kuandika usiku, na mhariri wangu aligundua kabla sijaona tatizo lolote. Kama umempenda sana rafiki yako, msimamie, na uache kalamu kwa wengine. Kama umependa kalamu zaidi, mwambie mapema, angali rafiki.

Hapa najua wengine wa rika langu watanipinga. Wanasema mtaani hakuna nafasi ya usafi huo, watu ni walewale, ukumbi ni uleule. Kweli. Basi angalau sema wazi kwenye makala: huyu ni jirani yangu.

Stori za udaku ndizo zinazosomwa. Niziache?

Soma watu wanavyoshughulikiwa. Stivo Simple Boy wa Kibera, aliyekuwa akifanya kazi za mjengo, alipovuma na wimbo wa Mihadarati mwaka 2019, mitandao ilicheka sura yake kwa wiki kadhaa. Mimi ningemtuma ripota akamuulize ni nani anayesimamia rekodi zake. Swali hilo lingebaki na maana hata kicheko kilipoisha.

Na kisheria: tangu 2017 Mahakama Kuu ilipoondoa kosa la jinai la kuchafua jina, hutafungwa kwa hilo. Lakini kesi ya madai bado ipo, na aliyechafuliwa ana miezi 12 ya kukupeleka kortini. Mtu ambaye hana hata bando ya wiki asijaribu.

Mama ananiuliza hii ni kazi gani isiyo na mshahara.

Mama ana haki. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa makala ikishachapishwa, na malipo yakichelewa unabaki na cheki ya kesho na njaa ya leo. Wengi wa wanaodumu wana kazi ya pili. Iliyo karibu zaidi ni hii: kuwajazia wasanii fomu. Kusajili wimbo kwenye mtandao wa KECOBO, kuandika majina ya watunzi sawasawa kabla wimbo haujapelekwa Boomplay au Mdundo, kupanga karatasi ya mgao. Waimbaji wengi hawana subira ya kazi hiyo na watakulipa kidogo ili uwafanyie. Sharti ni moja tu: uliyemjazia fomu, usimwandikie.

Kijana mmoja wa Gatina alianza hivyo. Wiki iliyopita alikuja na daftari la shule, kurasa zake zimejaa nyimbo alizosajili, na pembeni ya kila moja jina la mpiga gitaa ambaye hakuna aliyekuwa amemkumbuka. Nilimuuliza anataka kulifanyia nini. Akasema kwanza anataka kuwatafuta wale wa gitaa.