Mstari wa Ikweta na Bakuli la Maji

Wasomaji wetu, wengi wenu mmepata kupita Kayabwe katika njia iendayo Kampala mpaka Masaka, au kufika Nanyuki chini ya Mlima Kenya. Hapo njia huukata mstari wa Ikweta, yaani mstari uigawao ulimwengu nusu mbili, kaskazini na kusini. Mstari wenyewe hauonekani kwa macho, kwa kuwa ni hesabu tu. Lakini zimewekwa alama, na wasafiri husimama mguu mmoja huku na mmoja huku, wakafurahi.

Liko jambo moja la mahali hapo tupendalo kuliangalia vema, maana waalimu nao hupeleka watoto wa shule kulitazama. Hutokea mtu mwenye bakuli lililotobolewa chini na ndoo ya maji. Huenda hatua ishirini upande wa kaskazini, akamimina maji na kuweka kijiti juu yake. Maji yakishuka, kijiti huzunguka. Huenda hatua ishirini kusini, nacho huzunguka kinyume. Juu ya mstari, maji hushuka sawasawa bila kuzunguka. Watazamaji hustaajabu, hutoa fedha, na wengine hununua cheti.

Mafundisho hayo si kweli. Ni kweli kwamba dunia, kwa kuzunguka kwake, huupotosha mwendo wa upepo: upande wa kaskazini huuvuta kuume, na upande wa kusini huuvuta kushoto. Ndiyo sababu tufani zipigazo Madagaska na Msumbiji huzunguka kama mishale ya saa, na zile za kaskazini huzunguka kinyume. Lakini nguvu hiyo ni hafifu mno, huhitaji mamia ya kilomita ili ionekane. Tena penye Ikweta ndipo inapokwisha kabisa. Basi itawezaje kuyageuza maji ya bakuli, hatua ishirini tu kutoka mstarini? Kinachoyageuza ni mkono wa mwenye bakuli, jinsi ayamiminavyo, au jinsi ageukavyo alitelekapo chini.

Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Marekani, Ascher Shapiro, alitangaza jinsi alivyolijaribu jambo hili. Alitumia beseni lenye upana wa karibu mita mbili, akayaacha maji yatulie muda wa saa 24, kisha akayafungulia kwa tundu dogo. Ndipo yalipozunguka, tena polepole, upande upasao nchi za kaskazini. Mwaka 1965 wengine walijaribu vivyo hivyo Sydney, katika Australia, wakaona kinyume chake. Ni nani angojaye saa 24 kando ya barabara?

Hatuwachukii watafutao riziki, na mchezo wa bakuli hupendeza. Lakini mtoto akiuandika katika daftari lake kuwa ni elimu, hiyo ni hasara. Hata alama kubwa zaweza kukosea: karibu ya Quito, katika nchi ya Ekuador, uko mnara wa jiwe wenye urefu wa mita 30, nao vipimo vya siku hizi vyaonyesha kwamba mstari wa kweli wapita mbali nao kwa mita 240 hivi.

Mambo ya kweli ya Ikweta hayaombi fedha. Hesabu yetu ya saa, ya kuanza asubuhi jua lichomozapo, yatufaa kwa kuwa kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Mtu wa London hangeweza kuitumia, maana kwao mchana wa Juni hupita saa kumi na sita, na wa Desemba haufiki saa nane. Tena dunia imetuna kidogo katikati, hata kutoka kitovu chake mpaka Ikweta ni mbali zaidi ya kutoka hapo mpaka ncha za dunia, kwa kilomita 21 hivi. Kwa sababu hiyo kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895 tu juu ya bahari, kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest chenye mita 8,849.

Mwalimu apelekaye watoto na achukue fimbo iliyonyoka ya mita moja, aisimamishe wima penye alama, awaambie wapime kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo. Asitegemee saa ya mkononi, kwa maana saa za Afrika ya Mashariki hufuata mstari wa digrii 45, ulio mashariki ya Nanyuki na Kayabwe. Huko Kayabwe, mwezi wa Machi, jua hufika juu kabisa karibu na saa saba. Kwenye tarehe 21 Juni kivuli hicho kitaelekea kusini, urefu wake sentimita 43 hivi. Kwenye tarehe 21 Desemba kitakuwa sawa na hicho, kikielekea kaskazini. Nako karibu na 21 Machi na 23 Septemba, watoto watakitafuta kivuli cha fimbo wasikione.