SOMO: KUTEMBELEA INCHI YA BEI KALI NA FEZA KIDOGO



Katika jiografia tunajifunza kwamba Uswisi, ile tunazoea kuita Suisse, ni inchi ya milima na maziwa. Leo tuongeze jambo moja: ni inchi ya bei kali sana. Mumoja wenu akialikwa siku moja kule kwa mukutano wa vijana ao kwa kusalimia ndugu, atafanya namna gani? Tuchukue mufano wa muji wa Geneva, kwa sababu kule wanasema Kifaransa na mwanafunzi wetu hatapotea.

1. Sababu ya bei kali

Si kwamba chakula kinakosa. Ni kwamba saa ya mutu ina bei. Tangu mwaka 2020 sheria ya Geneva inakataza kumulipa mufanyakazi chini ya franka 23 kwa saa moja, na kisha kiwango hicho kilipanda tena. Basi sahani moja ya restora inabeba mushahara wa mupishi, wa yule anayeileta mezani na wa yule anayeosha vyombo. Inaweza kufika franka 25. Lakini ukinunua mukate, fromage na tunda dukani, ukajikatia wewe mwenyewe, unaweza kushiba bila kufika franka 10.

Gottlieb Duttweiler alifahamu jambo hili zamani. Mwaka 1925, katika muji wa Zürich, alianzisha Migros kwa magari tano tu. Aliuza vitu sita: kahawa, muchele, sukari, makaroni, mafuta ya nazi na sabuni. Aliviuza njiani, bila duka na bila wachuuzi wa katikati, na bei ikashuka. Hata leo musafiri wa feza kidogo anakula kwa kununua katika maduka kama hayo.

Kanuni njo hii: pahali mikono ya wengine inakutumikia, utalipa sana, pahali mikono yako inafanya kazi, utalipa kidogo.

2. Mbele ya kuondoka

Hasara kubwa inaweza kutokea hapa nyumbani, si kule. Ombi la visa ya siku chache linalipiwa euro 90 tangu Juni 2024, na wakikukatalia hawarudishi kitu. Assurance ya matunzo lazima ifike euro 30.000. Tena Uswisi inataka musafiri aonyeshe franka 100 kwa kila siku. Lakini mwanafunzi mwenye kadi halali ya masomo, franka 30 tu. Muone basi kwamba ile kadi munayoacha ovyo ina faida! Mwenyeji naye anaweza kutia sahihi karatasi ya prise en charge. Kama huna feza wala mwenyeji, usitume ombi bado. Utapoteza jasho la wazazi.

3. Kulala na kutembea

Franka 30 haitoshi kulipa kitanda na chakula pamoja. Kwa hiyo neno la kulala lazima lipangwe mbele ya yote. Ndugu akikupokea, taabu kubwa imeisha. Kama sivyo, tafuta auberge de jeunesse, nyumba ambamo vijana wengi wanalala katika chumba kimoja. Anayelala katika oteli, auberge ao kambi ya Geneva anapewa bure kadi ya kupanda bisi na tramu. Anayelala kwa ndugu hapewi, yeye anunue tikiti. Usipande bila tikiti ati kwa kuwa hakuna mutu mulangoni! Wakontroleri wanaingia bila kutangaza, na faini yao inakula feza ya siku nyingi. Kubana feza si kuiba.

4. Vitu vya bure

Maji: ya robinet na ya chemchemi za barabarani yanafaa kunywa, isipokuwa pahali wameandika « eau non potable ». Ubebe chupa yako.

Historia: ukuta wa Watengenezaji wa Kanisa, urefu karibu metre 100, ulianza kujengwa mwaka 1909, miaka 400 kisha kuzaliwa kwa Calvin. Uko katika bustani ya watu wote. Katika kanisa la Saint-Pierre, Calvin alimohubiri, unaingia bure; kupanda minara njo kunalipiwa.

Sayansi: Science Gateway ya CERN, iliyofunguliwa mwaka 2023, inaonyesha bure kazi ya kuchunguza chembe ndogo kabisa za vitu.

Milima: njia za miguu zinapita kilometre 60.000, na alama za manjano zinakuongoza. Miguu haiombi tikiti.

5. Maulizo

Mwanafunzi anakaa siku 7 kwa ndugu yake Geneva, na franka 30 kwa siku.

a) Ana franka ngapi kwa jumla?
b) Akila kila siku sahani moja ya franka 25 katika restora, anabaki na ngapi kwa siku?
c) Tuseme anatumia franka 12 kwa chakula cha dukani na franka 10 kwa tikiti. Siku ya saba atakuwa amebakiza ngapi?
d) Ya kufikiri: kule mupishi analipwa kila saa. Kwetu nyumbani, ni nani anayeteka maji, anayetwanga, anayepika na kuosha vyombo? Tukisema chakula cha nyumbani ni « bure », ni saa za nani ambazo hatukuhesabu?

Majibu ya a, b na c mulete kwa mwalimu wa hesabu. Jibu la d mulipeleke nyumbani.