Nani akamuuguze mume wangu India?

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ana miaka 53, ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Mwaka jana aligundulika ana saratani ya uloto, hii wanayoiita mailoma. Dawa zimemsaidia, na sasa tumepangiwa kwenda Vellore, India, akapandikizwe uloto kwa seli zake mwenyewe. Nilishajiandaa kwenda naye, lakini shemeji yangu, mdogo wake, anasema aende yeye. Eti Kiingereza changu ni cha kuombea maji, ndege sijawahi kupanda, na kitinda mimba wetu ana miaka 6. Mume wangu mwenyewe amenyamaza. Nifanyeje? – Mama wa watatu, Tanga*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kabla sijafika kwa shemeji, na kabla hamjauza kiwanja: muulizeni daktari wake kama shughuli hii haiwezi kufanyika Muhimbili. Walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na walianza na wagonjwa wa mailoma. Akisema ni India, basi nendeni India.

Hoja ya Kiingereza naiona nyepesi. Mumeo ni mwalimu, Kiingereza anacho, na madaktari watazungumza naye mwenyewe. Sokoni Vellore watu wanaongea Kitamil. Huko wewe na shemeji mtakuwa mabubu sawasawa.

Sikiliza itakavyokuwa. Kwa siku kadhaa atachomwa sindano zitakazoufanya uloto umwage seli mama kwenye damu. Mashine itazichuja, kisha zitagandishwa. Baadaye atapewa dawa kali iitwayo melfalani, inayoua seli za saratani na kuufagia uloto wenyewe. Siku hiyo nesi akileta barafu, msimamie aimumunye hata akigoma, kwa sababu inapunguza vidonda vya mdomoni. Kisha seli zake zitarudishwa kwa mrija, kama mtu anayeongezewa damu. Hakuna kisu. Chumba kinaweza kunuka kama kitunguu saumu kwa ajili ya dawa iliyohifadhi seli hizo, usishtuke.

Kazi ni wiki mbili zinazofuata, kinga ya mwili ikiwa imeshuka kabisa. Mdomo hujaa vidonda, tumbo huharisha, nywele hudondoka. Siku hizo mwalimu wetu huenda asizungumze lugha yoyote. Atainua mkono tu, na anayemuuguza inabidi ajue kama anataka maji, beseni, au kuachwa. Lugha hiyo shemeji hajaisoma.

Halafu kuna kuoshwa, na kubadilishiwa shuka saa nane za usiku. Nadhani kimya cha mumeo kimetokea hapo. Mwanamume mzima hatasema mbele ya mdogo wake, "namtaka mke wangu." Muulize mkiwa wawili, taa imezimwa, na jibu lake ndilo ulifuate. Mimi nakuombea jibu liwe wewe.

Shemeji usimgeuze adui. India inaruhusu wasindikizaji wawili kwa mgonjwa mmoja. Nauli ikipatikana, aje wiki za mwisho, wakati huo wewe utakuwa umekauka. Isipopatikana, mpe kazi ya heshima nyumbani: ashike fedha, na awe msemaji wa ukoo. Asiyewahi kuuguza hajui jinsi simu za "mgonjwa anaendeleaje" zinavyomaliza mtu kila jioni.

Viza msiifanyie mchezo. Ile ya matibabu inayoombwa mtandaoni ni ya siku 60. Weka vipimo, uvunaji wa seli, wiki kama tatu za wodini, kisha wiki za kuhudhuria kliniki mkiwa mmepanga jirani: siku 60 huisha mkiwa bado huko. Ombeni hospitali iandike kwenye barua ya mwaliko muda wote wa matibabu, nanyi muombe viza inayoutosha. Yako ni ya msindikizaji, si ya utalii.

Beba daftari na kipimajoto. Andika dawa na saa yake. Mkisharuhusiwa, joto likifika 38, ni hospitali moja kwa moja, usiku huohuo. Usianze kumpa panadol, itaificha homa na kuwachelewesha. Tafuta chumba chenye jiko upike mwenyewe, ale chakula kingali moto. Kachumbari na juisi ya barabarani msahau kwa sasa. Na akisukuma sahani usinune, kwani melfalani huondoa ladha hata ya samaki wa Tanga.

Jambo moja shemeji asilitangaze ukooni: kwamba anakwenda kupona kabisa. Kwa mailoma, matibabu haya huulaza ugonjwa, mara nyingi kwa miaka. Kwa kawaida hayaung'oi. Afadhali ndugu walijue sasa, wasije wakamlaumu mtu baadaye.

Kitinda mimba abaki na bibi yake, lakini msimwambie baba amekwenda semina. Mwambieni baba anaumwa, amekwenda kutibiwa mbali, na mama anamwangalia. Nywele zikianza kudondoka, baba atataka kunyolewa. Mpigieni mtoto simu ya video wakati huohuo, aone mashine ya kunyolea ikipita na acheke akitaka, asije siku moja akafungua simu akakuta upara na kuuliza huyo ni nani.