Somo: Baiskeli Wakati wa Mvua



Sisi wa Rubya na vijiji vya jirani tunategemea baiskeli mwaka mzima. Hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji, magunia ya kahawa, na wakati mwingine mgonjwa wa kupeleka hospitali. Pikipiki zimeongezeka sana, lakini baiskeli haihitaji petroli. Hata jina "bodaboda" lilianza kwa baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960.

Mkoa wetu wa Kagera hupata mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo mwenye baiskeli hawezi kusubiri kiangazi. Inampasa ajue kuendesha kwenye maji na tope.

Mwezi wa Aprili mwaka mmoja nilikuwa nateremka mlima nimepakia machipukizi ya migomba. Nilibana breki, lakini mwendo haukupungua. Niliingia shambani pembeni mwa barabara nikaumia goti. Hatua chache mbele yangu walikuwa watoto wakitoka shule. Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Kwa nini breki hushindwa?

Baiskeli zetu nyingi zina ringi za chuma. Ringi ikilowa, mpira wa breki huteleza. Mizunguko ya kwanza ya gurudumu hufuta maji tu, ndipo breki huanza kushika. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka takribani mara nne. Mzigo nao huchangia: madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 hivi, sawa na kumpakia mtu mzima, na breki ni zile zile.

Mambo ya kufanya

1. Kabla ya kilele, bana breki kidogo kidogo ili zifute maji. Zisiposhika, shuka uikokote baiskeli.

2. Anza mteremko polepole. Usingoje mwendo uwe mkali ndipo ubane. Kwenye tope usibane breki ya mbele ghafla, kwa maana gurudumu litateleza.

3. Abiria, hasa mgonjwa au mama mwenye mtoto, ashuke kwenye mteremko mkali.

4. Funga mzigo chini, na uzito uwe sawa pande zote mbili.

5. Mpira wa breki uliolika ubadilishwe kabla ya mvua kuanza. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kutibu mfupa uliovunjika.

6. Baada ya safari, ondoa tope, futa cheni, kisha tia mafuta ya mashine kidogo. Mafuta ya kula huganda na kushika mchanga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyumbani kwako, nani hutumwa maji kwa baiskeli wakati wa mvua? Kama ni mtoto, je, miguu yake hufika chini?

2. Ni mteremko gani kijijini kwetu ambao watu wameanguka mara nyingi? Tunaweza kufanya nini pale kabla ya mvua zijazo?

3. Leo, kabla ya kuondoka hapa, kila mwenye baiskeli akague breki zake. Ni ngapi zinazoshika?